Ngege (tilapia) na mbuta (sangara) wa bei nafuu nyumbani: mwongozo kamili wa kukaanga bila samaki kushika karai

Swali ni lile lile kila mara. Nimenunua ngege poa, nimeweka chumvi, nimeweka pilipili, nimeweka masala zote, na bado ameshika karai, ngozi imebaki chini na nyama imetoka vipande vipande, sasa nifanyeje? Mwingine anasema samaki wake ni mweusi nje lakini ukifika kwa mfupa bado ni mbichi. Mwingine yuko Nakuru ananunua ule wa friza, anasema akimweka tu kwa mafuta ni vita, mafuta yanaruka hadi anakaangia akiwa amesimama mlangoni.

Hizi zote ni shida moja jameni, na si masala. Ni maji.

Samaki mweupe, awe ngege awe mbuta, karibu robo tatu ya nyama yake ni maji. Yale maji yakikaa juu ya ngozi, mafuta yanafanya kazi ya kuyachemsha kwanza kabla yaanze kukaanga, na muda huo wote ngozi ni laini, iko chini imelalia chuma moto, na inashikana nacho. Halafu wewe unaingiwa na wasiwasi unaanza kuchokora na mwiko. Hapo ndio anavunjika. Kwa hivyo karibu kila hatua hapa chini utaona narudia kukausha, kukausha, usichoke, ndio siri yenyewe.

Nitaelezea ngege mzima wa kukaanga halafu kuwekwa mchuzi, sababu huyo ndiye anawasumbua wengi, kisha mwishoni nitaingia kwa minofu ya mbuta na mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa chake.

## Vitu vya kuweka tayari

Hii inatosha watu wanne na ugali, ama wawili wenye njaa ya kweli.

- Ngege 2, kila mmoja gramu 350 hadi 450. Akizidi nusu kilo mkate katikati, usilazimishe aingie mzima kwa karai ndogo mkia ukiwa nje.
- Chumvi vijiko 2 vya chai
- Ndimu ama limau 1
- Mafuta ya kupikia nusu lita (hayaishi yote, yatarudi kwa chupa)
- Unga wa ngano ama wa mahindi vijiko 3 vikubwa, si lazima
- Vitunguu 2, nyanya 4 zilizoiva kabisa, saumu punje 4, tangawizi kidogo, hoho 1, dania, pilipili ukitaka
- Maji moto kikombe kimoja

Vyombo: karai nzito, mwiko wa mbao, ile ya kugeuzia chapati, kisu chenye makali, uma mbili, sufuria pana ya mchuzi, na kifuniko cha chuma kinachotosha karai. Pia kitambaa kikavu kisafi ama tishu nyingi. Hiyo ya mwisho watu huiruka na ndiyo muhimu kuliko hata dania.

Sufuria nyembamba ya kawaida inaweza kufanya kazi lakini itakupa shida, inapata moto sehemu moja katikati na kwingine baridi, samaki anaungua tumbo mkia ukiwa mbichi. Kama hauna karai, azima kwa jirani.

## Hatua ya 1: Kununua

Ukifika sokoni usianze na "ni ngapi". Anza na mashavu, yale matamvua anayopumulia. Mwambie, "Mama, nifungulie hapa nione ndani." Mama mwenye samaki mzuri anafungua hata kabla umalize kuongea. Yule anaanza "ah kastoma wangu, kwani huniamini", endelea na safari yako.

Ndani ya mashavu kuwe kwekundu ama kwa pinki iliyokolea. Kukiwa kwa kahawia ama kijivu na kuna ute unavutika, huyo amekaa. Macho yawe yamejaa na yanaonekana wazi, si ukungu na si yamezama. Bonyeza mgongo na kidole, nyama irudi, kidole kisiache shimo. Tumbo lisiwe limepasuka, maanake matumbo huanza kuoza kabla ya nyama. Harufu iwe ya ziwa, si ile inapanda puani kama ya choo.

Kama uko Kisumu afadhali uende asubuhi, iwe ni Dunga pale boti zinafikia ama Kibuye. Jua la saa saba mchana na samaki amelala mezani bila barafu, hata akiwa na macho mazuri namna gani, hiyo bei ya chini utailipa baadaye. Nakuru mnapata wa Naivasha, wa Baringo na wanaoletwa kutoka huku kwetu Kisumu, huko swali ni moja: alifika lini, na alisafiri na barafu?

Kuhusu bei, piga hesabu ya nyama. Ngege mzima ukitoa kichwa, mfupa, magamba na matumbo unabaki na kama theluthi moja tu ya nyama tupu, yaani huyo wa gramu 400 anakupa kama gramu 130 hivi. Kwa hivyo ukilinganisha na minofu ya mbuta isiyo na mfupa, zidisha bei ya kilo ya ngege mara tatu kwanza ndio ulinganishe. Kuna siku utashangaa minofu ndio rahisi. Lakini ukweli ni kwamba huku hakuna mtu anatupa kichwa, kwa hivyo hiyo hesabu inategemea unakaa na nani mezani.

Na ukiuziwa mbuta mzima mdogo, chini ya sentimita 50, mwache. Sheria ya uvuvi hairuhusu avuliwe.

## Hatua ya 2: Kama ni wa friza, myeyushe pole pole

Wa kutoka sokoni moja kwa moja ruka hii.

Samaki wa friza huwa amevalishwa barafu nje, na hiyo barafu umeilipia kwa kilo. Ndani pia barafu imepasua nyama kidogo kidogo, ndio sababu akiyeyuka anatoa maji mengi kuliko ngege wa asubuhi. Ndio maana mafuta yako yanaruka, wewe wa Nakuru.

Njia nzuri ni kumweka chini kabisa kwa friji usiku mzima, kwa sahani iliyoinama kidogo ili maji yashuke upande mmoja. Kama hauna muda, mfunge ndani ya chombo kisichoingiza maji, uzamishe kwa beseni ya maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa. Kwa saizi hii saa moja hadi moja na nusu inatosha.

Usitumie maji moto. Nje itaanza kuiva na ndani bado jiwe. Usimwache mezani kutwa nzima na joto hili la Kisumu. Na akishayeyuka usimrudishe friza, mpike.

Utajua yuko tayari ukimkunja anakunjika bila ubishi, na ukiingiza kidole tumboni hadi kwa mfupa hupati barafu.

## Hatua ya 3: Kuparua na kusafisha

Mama wa samaki atakuparulia hapo hapo, lakini ukifika nyumbani rudia, wao wana foleni ya watu.

Mzamishe kwa beseni la maji, uparue na mgongo wa kisu ukitoka mkia kuelekea kichwa. Ndani ya maji magamba hayarukirukii ukutani. Pitisha kidole kinyume, hasa karibu na mapezi na chini ya tumbo, gamba moja likibaki litakuharibia mlo. Kata yale mapezi ya juu na makasi, yana miiba inadunga vibaya.

Pasua tumbo kwa kina kidogo tu, usizamishe kisu. Kuna nyongo hapo, kifuko cha kijani, ikipasuka nyama inakuwa chungu. Ikitokea, osha mara moja na usugue na chumvi kabla iingie kwa nyama.

Toa mashavu yote. Halafu kuna vitu viwili watu husahau: ule utando mweusi unaopaka ndani ya tumbo, na ule mstari wa damu umelala chini ya uti wa mgongo. Kwangua zote na kijiko. Ile harufu ya matope ambayo wengine wanalalamikia inatokana na mwani na bakteria wa majini, na inapenda kukaa kwa ngozi, kwa mafuta ya tumbo na huo utando. Masala hayawezi kuificha. Ndimu inaipunguza kweli, lakini kazi kubwa ni kukwangua.

Osha mara ya mwisho na maji baridi, basi. Kutoka hapa samaki asione maji tena mpaka kwa mchuzi.

## Hatua ya 4: Mkate mistari

Mistari mitatu kila upande, ya kulala kidogo, kuanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia, kisu kiguse mfupa. Sehemu ya mgongo ni nene kuliko tumbo, bila hiyo mistari tumbo litakauka ukingojea mgongo uive. Pia chumvi inapata njia ya kuingia, na ngozi haijikunji ikipata moto.

Usikate zaidi ya hapo. Mistari sita sita ndio hufanya agawanyike ukimgeuza.

## Hatua ya 5: Chumvi kwanza, ndimu baadaye

Paka chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila samaki, nje, ndani ya tumbo na ndani ya mistari. Mwache dakika 20 hadi 30 akiwa ameinamishwa. Chumvi itavuta maji yatoke na nyama ikaze kidogo, utaona kidimbwi kwa sahani, kimwage.

Ndimu weka dakika kumi za mwisho tu. Kuna wale wanalowesha samaki kwa limau tangu asubuhi wakidhani ladha inazidi. Asidi inaanza kuipika nyama ya nje, inageuka nyeupe na ya ungaunga, ikifika kwa mafuta inamomonyoka.

Masala ya unga, Royco na wenzake, usipake sasa. Yanaungua na kuwa chungu kabla samaki aive. Yana nafasi yake kwa mchuzi.

## Hatua ya 6: Mkaushe (hapa ndio kazi iko)

Chukua tishu ama kitambaa kikavu, umfute kama unayefuta mtoto ametoka kuoga. Nje pande zote. Ndani ya tumbo. Ndani ya kila mstari, ingiza ncha ya kitambaa. Na usisahau lile tundu mashavu yalipokuwa, hapo kunajificha maji mengi na ndiyo yanalipuka ukimteremsha kichwa. Kitambaa kikilowa badilisha, kufuta na kitambaa kilicholowa ni kuhamisha maji tu.

Ukishamfuta mwache apigwe na hewa. Mlaze juu ya uma mbili zilizowekwa kwa sahani, ili hata chini kupitishe hewa, dakika 15 hadi 20 karibu na dirisha, umefunika na wavu sababu inzi wa huku hawana adabu. Ama kwa friji bila kifuniko saa moja. Wa friza mfute mara mbili, kabla na baada ya kupigwa hewa, atatoa maji tena hata kama ulidhani yameisha. Wamama wa Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, wanaokaanga mgongo wazi huanika juani kwanza, na si eti wana muda wa kupoteza.

Unga kama unataka kuweka, weka sasa, dakika ile ile unamteremsha kwa mafuta. Nyunyiza kidogo, kung'uta wote unaozidi. Ukipaka unga mapema unanyonya maji unakuwa uji, na huo uji unashika chuma kuliko hata samaki mwenyewe. Mimi kwa ngege mzima siweki unga, sioni haja akiwa amekauka vizuri.

Kujua amekauka: pitisha mgongo wa kidole kwa ngozi, iwe inanata kidogo lakini haiteleziteleza, na tishu mpya ukiibonyeza kwa mstari inatoka kavu.

## Hatua ya 7: Pasha mafuta

Weka karai kwa moto ikiwa tupu kwanza, tone lolote la maji liishe kabisa. Ndio umwage mafuta, yafike angalau nusu ya unene wa samaki. Najua mafuta ni ghali, lakini yakiwa kidogo mno samaki anakaa juu ya chuma badala ya kukaa kwa mafuta, na unajua tayari kinachofuata.

Moto wa kati, kama dakika tano. Kwa wale wa makaa, ngoja makaa yote yashike nyekundu, usianze wakati mengine bado meusi na yanatoa moshi. Unataka mafuta yafike kama digrii 170 hadi 180. Hauna kipimo? Zamisha ncha ya mwiko wa mbao mkavu, vipovu vitoke mfululizo kuzunguka mti. Ama tupa kipande cha kitunguu, kielee juu mara moja kikipiga kelele. Kikizama na kunyamaza, ngoja. Kikigeuka cheusi mara moja ama mafuta yameanza kutoa moshi, yamezidi, teremsha karai yapoe kidogo.

Angalia: mafuta yakishika moto zima gesi, funika karai na kile kifuniko cha chuma, uondoke kando yapoe. Usimwage maji hata kidogo, moto utaruka hadi dari. Usijaribu kuibeba nje. Na watoto wasiwe wanacheza karibu na jiko wakati huu, mshikio wa karai uelekee ndani.

## Hatua ya 8: Kukaanga

Mshike mkia, mteremshe kichwa kikitangulia, halafu mlaze akielekea mbali na wewe. Mafuta yakiruka yanaruka upande ule mwingine. Usimdondoshe kutoka juu kwa kuogopa, huko ndiko kujichoma.

Mmoja mmoja. Ukiweka wawili kwa karai ya kawaida mafuta yanapoa ghafla, joto linashuka, na unarudi kule kule kwa kuchemsha.

Sasa toa mkono. Usimsukume, usimwinue uangalie, weka mwiko chini kabisa. Mara ya kwanza ngozi itashika chuma kidogo, hiyo ni kawaida, kila samaki hufanya hivyo. Ikishakauka na kuwa ngumu inajiachilia yenyewe. Ukimlazimisha kabla ya hapo ndio unaibandua. Baada ya dakika kama tano tikisa karai polepole, akiteleza yuko tayari kugeuzwa, asipoteleza mwache dakika nyingine mbili. Watu wengi wanakosea kwa hizo dakika mbili tu.

Wakati unangoja, chota mafuta moto na kijiko umwagie kwa kichwa na kwa mgongo, huko kunachelewa kuiva.

Usifunike. Mvuke unapanda kwa kifuniko, unageuka maji, unarudi kwa mafuta, na mafuta yanaanza kulipuka.

Upande wa kwanza ni dakika 6 hadi 8. Kumgeuza tumia vitu viwili, ile ya chapati iingie chini ya mgongo hadi katikati, mwiko umshike juu, kisha mlaze taratibu. Mgeuze mara moja tu. Upande wa pili dakika 5 hadi 6.

Sikiliza pia. Mwanzo anapiga kelele nyingi, hayo ni maji yanatoka. Kelele zikishuka na vipovu vikawa vidogo, maji ya ngozi yamekwisha, ndio ngozi inaanza kukauka vizuri. Wapishi wa zamani wanakaanga wakipiga stori na hawaangalii hata saa, wanasikiliza.

Ameiva ikiwa ngozi ni ya rangi ya kahawia ya dhahabu na inakwaruza ukigusa na uma. Chungulia ndani ya mstari ulio mnene, nyama iwe nyeupe kabisa isiyopitisha mwanga, na inaachana na mfupa ukiisukuma. Kukiwa bado kuna kama kioo kioo karibu na mfupa, mrudishe dakika mbili kwa moto mdogo. Lakini kama unampeleka kwa mchuzi, mtoe kabla akauke sana, huko kwa mchuzi bado anaiva.

## Hatua ya 9: Mpumzishe

Juu ya zile uma mbili, si kwa sahani bapa, si juu ya mwenzake, si kwa gazeti. Akilala bapa mvuke wake unalainisha ngozi uliyohangaikia. Kama wewe ni wa samaki mkavu, umemaliza: ugali, kachumbari, na mboga chungu kidogo kama managu ama saga inamfaa sana.

## Hatua ya 10: Mchuzi usiomvunja

Mchuzi unapikwa peke yake uive, samaki anaingia mwisho. Ukimweka samaki wakati nyanya bado ni mbichi utalazimika kukoroga, na ukikoroga umekwisha.

1. Kwa sufuria pana weka vijiko vitatu vya yale mafuta uliyokaangia, kama hayajaungua. Kaanga vitunguu hadi viwe laini na vigeuke rangi, kisha saumu na tangawizi kwa dakika moja, zisiungue.
2. Ingiza nyanya zilizokatwa ndogo na chumvi kidogo. Funika, moto wa kati, dakika 10 hivi, hadi ziyeyuke kabisa na uone mafuta yanajitenga pembeni. Hapo ndio masala yanaingia. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, maji huko yanachemka yakifika kama digrii 94 na huku Kisumu kama 96, kwa hivyo mtu wa Nakuru aongeze dakika chache kwa nyanya. Kwa mafuta hakuna tofauti ya kukusumbua.
3. Mwaga maji moto, anza na nusu kikombe. Yakiwa baridi yanarudisha kila kitu nyuma. Mchuzi ufike kwa kiuno cha samaki, usimzamishe.
4. Ukitokota, mlaze samaki ndani, umwagie mchuzi juu na kijiko. Weka hoho. Moto mdogo, funika nusu, dakika 5 hadi 8.
5. Usikoroge na usimgeuze. Shika sufuria kwa pande mbili uitikise kwa kuizungusha. Mchuzi ukiwa mzito sana ongeza maji moto pembeni, si juu yake.
6. Dania mwisho, zima moto, mwache dakika tatu kabla ya kupakua. Mpakue na ile ya chapati, usimwinue kwa mkia.

Umefaulu kama samaki anafika mezani akiwa mzima, mchuzi umeshika kijiko badala ya kutiririka, na mtu akivuta nyama ya mgongo inatoka kwa mabamba makubwa makubwa.

## Kama ni minofu ya mbuta

Huyu hana mfupa wa kumshikilia na hana ngozi, kwa hivyo hapa unga ni lazima. Kata vipande vya unene wa sentimita 2 hivi. Chumvi dakika 15 tu, futa, unga, kung'uta, kwa mafuta moto dakika 3 upande wa kwanza na 2 hadi 3 wa pili. Mbuta anaiva haraka kuliko unavyodhani, akipita hapo anakuwa mkavu kama pamba na hakuna mchuzi utamrudisha. Kwa mchuzi mpe dakika tatu tu.

## Kama ni mgongo wazi

Hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, ile mifupa na kichwa cha mbuta viwanda vikishatoa minofu. Kuna nyama nzuri imebaki kwa shingo na katikati ya mifupa. Nunua ikiwa haina harufu kali, sababu imepitia mikono mingi.

Kama umenunua mbichi, katakata, toa damu yote iliyoganda kwa mfupa, osha, funika na maji baridi, weka kitunguu, tangawizi na chumvi. Ichemke polepole dakika 25 hadi 30, uchote povu. Ukichemsha kwa fujo supu inakuwa na rangi ya matope. Chuja, kwangua nyama kutoka kwa mifupa kwa mkono, irudishe kwa supu na nyanya na dania. Kama umenunua iliyokaangwa tayari, nenda moja kwa moja kwa ule mchuzi wa hatua ya 10 na uipe dakika kumi.

Mkiwa na watoto mezani, chambua hiyo nyama mara mbili na vidole. Mwiba ukikwama kooni, ile ya kumeza tonge kubwa la ugali iusukume wacheni kabisa, inaweza kuuzamisha zaidi. Usipotoka kwa kukohoa, nenda hospitali.

## Ikiharibika katikati

Ameshika na sasa unasikia harufu ya moshi. Punguza moto, usimvute. Mwagia mafuta moto pembeni yake na kijiko, ngoja dakika moja, kisha ingiza ile ya chapati ikiwa bapa kabisa kwa chuma.

Nje ameiva, ndani mbichi. Mafuta yalikuwa moto mno. Mpeleke kwa mchuzi, hata kama haukuwa umepanga mchuzi.

Amelowa mafuta na ni laini. Mafuta hayakuwa moto, ama mliweka wawili. Yapashe tena vizuri umrudishe dakika moja moja kila upande.

Amevunjika kabisa. Toa mifupa, changanya nyama na vitunguu na nyanya zilizoiva, ni mboga nzuri tu na hakuna mtu atauliza maswali.

## Mabaki na mafuta

Samaki wa jana aliyelala kwa sufuria nje ya friji na joto la huku, usijidanganye eti utampasha moto. Ndani ya friji anakaa siku mbili, mchuzi upashwe hadi utokote.

Mafuta yakipoa kabisa yachuje na kitambaa, yaweke kwa chupa yake uandike "samaki" ili asije mtu akapikia mandazi. Yatumie kwa samaki tu, mara mbili ama tatu. Yakianza kutoa povu juu, yakiwa meusi, ama yakitoa moshi mapema kuliko kawaida, yamwage, na si kwa sinki, yataganda huko ndani. Yachanganye na jivu ndio uyatupe na takataka.